Nyuzi za kaboni juu ya plastiki ya gari: Kinachopatikana na kisichopatikana

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maegesho ya magari ya jiji lolote la Afrika Mashariki, si ajabu siku hizi kukuta gari dogo la Kijapani, lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika, ambalo vifuniko vya vioo vyake vya pembeni ni vyeusi, vinameta, na vina mistari iliyopishana mithili ya ukili wa mkeka.

Mistari hiyo ndiyo alama inayotambulisha nyuzi za kaboni, malighafi ambayo kwa miaka mingi imehusishwa na magari ya mashindano, ndege na vyombo vya angani. Mara nyingi kinachoonekana ni stika tu iliyochapishwa picha ya nyuzi hizo. Lakini wapo wenye magari, na mafundi wa mitaani pia, wanaokwenda mbali zaidi: hununua kitambaa halisi cha kaboni na kukigandisha kwa epoksi juu ya plastiki, wakiifanya kazi hiyo nyumbani, barazani au kwenye banda la gari.

Kazi hiyo inawezekana, na ikifanywa kwa uangalifu hutoa kitu cha kupendeza ambacho stika haiwezi kukikaribia. Tatizo ni kwamba wengi huianza wakiwa na matarajio yasiyo sahihi, na bila kufahamu kwamba kemikali wanazozichezea zinaweza kuwaachia mzio wa maisha. Wengine hufunika sehemu ya gari ambayo haikupaswa kuguswa kabisa.

Kwanza ni vyema kuelewa kitu chenyewe. Wazo la kuchoma kitu chenye asili ya mmea mpaka kibaki uzi wa kaboni ni la zamani. Thomas Edison wa Marekani alitumia nyuzi za mianzi zilizochomwa kwa namna hiyo katika taa zake za umeme mwaka 1880. Hata hivyo, nyuzi zenye nguvu tunazozizungumzia leo zilipatikana katika miaka ya 1960, kutokana na kazi ya watafiti wa Japani, akiwamo Akio Shindo, na wale wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza.

Nyuzi hizo hutengenezwa kwa kuchukua uzi wa plastiki maalumu, kuupasha joto hewani kwa digrii kati ya 200 na 300 za Selsiasi, kisha kuuchoma kwa zaidi ya digrii 1,000 mahali pasipo na oksijeni. Kinachobaki ni takriban kaboni tupu. Uzi mmoja una unene wa kama maikromita 7, yaani ni mwembamba mara kadhaa kuliko unywele wa binadamu. Nyuzi 3,000 hukusanywa kuwa kifungu kimoja, na vifungu hivyo ndivyo hufumwa kuwa kitambaa kinachouzwa kwa mita.

Sifa yake kubwa ni uimara pamoja na wepesi. Lita moja ya chuma ina uzito wa karibu kilo 7.8, lita moja ya kaboni iliyogandishwa kwa epoksi haifiki kilo 1.7. Kampuni ya McLaren ilitumia sifa hiyo mwaka 1981 ilipoingiza katika mashindano ya Formula One gari lake la MP4/1, ambalo kiunzi chake cha kumkinga dereva kilikuwa cha nyuzi za kaboni. Mwaka huohuo, katika uwanja wa Monza, Italia, dereva wake John Watson alipata ajali mbaya iliyolikata gari, naye akatoka akitembea. Tangu hapo hapakuwa na aliyeuliza tena kama kaboni inafaa.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kutofautisha mambo mawili. Kiunzi cha gari la Watson kilikuwa cha kaboni chenyewe, tabaka juu ya tabaka. Kipande cha plastiki kilichovalishwa tabaka moja la kitambaa ni kitu kingine kabisa. Plastiki ile ya kiwandani bado ipo chini, na ndiyo inayoshikilia vibanio na skrubu. Kaboni iliyo juu ni vazi.

Na vazi lina uzito wake. Kitambaa kinachotumika sana katika kazi hii kina uzito wa kama gramu 200 kwa mita moja ya mraba. Epoksi inayokilowesha ina uzito unaokaribia huo au kuuzidi, na juu yake hupakwa tabaka kadhaa nyingine za epoksi ili kupata kina na mng'aro. Kwa hiyo mita moja ya mraba iliyovalishwa huongezeka nusu kilo au zaidi. Anayesema amevalisha bampa lake kaboni ili gari liwe jepesi amelifanya kuwa zito zaidi. Boneti nyepesi hupatikana kwa kuondoa ya chuma na kuweka iliyotengenezwa kwa kaboni yenyewe. Hiyo ni kazi ya kutumia kalibu, na si ya barazani.

Kinachopatikana basi ni sura, pamoja na uso mgumu kiasi. Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, hakuna ubaya wowote katika hilo. Watu hupaka gari rangi kwa sababu hiyo hiyo, na fundi anayejua kunyoosha mistari ya kitambaa katika kona ya kifuniko cha kioo anastahili sifa kama fundi mwingine yeyote wa mapambo.

Swali la pili ni plastiki gani inayovalishwa. Geuza kipande na utazame upande wa nyuma: watengenezaji wengi wa magari huchapa humo herufi zinazotaja aina ya plastiki. Vifuniko vya vioo vya pembeni, fremu za dashibodi na urembo mwingi wa ndani ya gari huwa na herufi ABS au PC/ABS. Plastiki hizo zikikwaruzwa kwa msasa hushikana na epoksi vizuri.

Mabampa ni habari nyingine. Mengi huwa na herufi PP, ambayo ni polipropilini, aina ileile inayotumika kutengenezea ndoo na viti vya plastiki. Plastiki hii haipendi gundi wala rangi. Ukiimwagia maji hujikusanya matone badala ya kutandaa, na epoksi hufanya vivyo hivyo. Viwanda huipitishia moto wa haraka au kuipaka dawa maalumu ya kushikisha kabla ya rangi. Anayerukia hatua hiyo ataona kazi yake ikibanduka kwa vipande vikubwa, safi kama ganda la yai lililochemshwa. Isitoshe, bampa limeundwa kupinda linapoguswa, ilhali kaboni iliyoganda haipindi. Hugongwa kidogo tu ikapasuka na kuacha ncha kali. Ushauri wa wazi ni kuliacha bampa kama lilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni joto la jua. Plastiki ya ABS yenye urefu wa mita 1, joto lake likipanda kwa digrii 40, hurefuka kwa kama milimita 3. Kitambaa cha kaboni kilichoganda katika epoksi hakirefuki hata robo ya milimita. Kipande cheusi kilichoanikwa katika jua la adhuhuri la Dar es Salaam au Mombasa hupanda joto kiasi hicho kila siku na kushuka kila usiku. Vitu viwili vilivyoshikanishwa, kimoja kikitaka kurefuka na kingine kikikataa, huvutana. Kadiri kipande kinavyokuwa kirefu ndivyo mvutano unavyozidi, na hii ndiyo sababu kifuniko cha kioo hudumu miaka ilhali urembo mrefu wa ubavuni hunyanyuka kwenye ncha.

Sasa tuje kwenye gundi. Mafundi wengi wa mijini wamezoea polyesta, ile inayotumika kutengeneza mabodi ya faiba na kuziba mashua, kwa sababu ni rahisi kupatikana na ni ya bei nafuu. Kwa kazi ya kuvalisha ABS haifai. Ndani yake mna staireni, kimiminika kinachoyeyusha ABS, hivyo uso wa kipande unaweza kulainika na kupinda. Mwaka 2018, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka staireni katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Harufu ile kali inayojaza gereji za faiba si ya kuzoea.

Epoksi hushika vizuri zaidi na haina staireni. Inakuja katika chupa mbili, gundi yenyewe na kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina. Hapa kuna kosa linalofanywa na waliotoka kwenye polyesta. Katika polyesta, fundi huongeza matone zaidi ya dawa akitaka igande haraka. Katika epoksi, kigumishi ni nusu ya jengo lenyewe: kila chembe ya gundi hutafuta chembe ya kigumishi ya kushikana nayo, na kinachozidi au kupungua hubaki kikinata milele. Vipimo ni vile vilivyoandikwa na mtengenezaji, na mizani ndogo ya gramu inafaa kuliko jicho. Koroga kwa dakika kadhaa, ukikwangua pembe na chini ya chombo.

Changanya kidogo kidogo. Epoksi inapoganda hutoa joto, na joto huharakisha kuganda. Iliyoachwa nyingi katika kikombe inaweza kufoka moshi na kuyeyusha kikombe chenyewe. Kwa kanuni ya makadirio, kila joto la chumba likipanda digrii 10, muda wa kuifanyia kazi hupungua nusu; maelezo yaliyoandikwa kwa chumba cha digrii 20 huko Ulaya hayatakupa dakika zile zile Januari ya pwani. Ukishachanganya, imwage kwenye sahani pana ili isijirundike.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa kipande kwenye gari. Hakivalishwi kikiwa bado kimefungwa. Kioshe kwa sabuni, kikauke, kisha kikwaruzwe chote kwa msasa wa namba 120 au 180 mpaka pasibaki mng'aro hata kwenye kona. Vumbi lifutwe kwa spiriti. Asetoni na thina viepukwe, kwa kuwa huila ABS.

Baada ya hapo hupakwa tabaka jembamba la epoksi iliyotiwa rangi nyeusi. Weusi huo huzuia rangi ya plastiki kuchungulia kati ya vifungu vya kitambaa. Tabaka hili halisubiriwi likauke kabisa. Husubiriwa mpaka likiguswa kwa kidole chenye glavu linanata bila kuacha gundi kwenye glavu. Hapo ndipo kitambaa kinapotandazwa.

Hatua hii ndiyo inayotofautisha mkono na mkono. Kitambaa kilichofumwa kwa mistari ya mshazari hujipinda kwenye mviringo kwa urahisi kuliko kile cha miraba, na mtu anayeanza achague hicho. Kikatwe kikubwa kuliko kipande, na kabla ya kukata kibandikwe utepe wa karatasi pale mkasi utakapopita, la sivyo kingo hufumuka na kuachia nyuzi kila mahali. Mistari huwekwa sawa kuanzia katikati kwenda nje, kwa kubonyeza na si kuvuta, maana kitambaa kikivutwa upande mmoja mistari yake hujipinda kama nyoka na hakuna tabaka la juu litakalolificha kosa hilo. Kingo hukunjwa nyuma ya kipande na hukatwa baada ya kuganda.

Kisha hupakwa epoksi isiyo na rangi, kiasi cha kulowesha tu. Baada ya kuganda, uso utaonekana wa kukatisha tamaa: umejaa vishimo na alama za kitambaa. Ni kawaida. Huongezwa tabaka la pili na la tatu, kila moja likiganda na kusawazishwa kwa msasa, mpaka kitambaa chote kizame chini ya uso ulionyooka. Msasa ukigusa kitambaa chenyewe utaona vumbi likigeuka jeusi. Simama mara moja.

Katika miji ya pwani unyevu wa hewa huleta usumbufu wake. Baadhi ya epoksi, zikiganda katika hewa yenye unyevu mwingi, huacha juu yake utando wenye mafuta usioonekana vizuri kwa macho. Tabaka linalofuata likiwekwa juu ya utando huo halishiki. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kabla ya kupiga msasa, jambo ambalo wengi hulipuuza kwa kuwa kipande kinaonekana safi. Aidha, ni vyema kupaka wakati joto la chumba linashuka badala ya kupanda. Asubuhi joto likipanda, hewa iliyojificha katika kitambaa hutanuka na kupuliza vipovu kwenye gundi.

Epoksi iliyoganda katika joto la kawaida huanza kulainika ikifika digrii 50 au 60, na kipande cheusi juani huvuka hapo bila shida. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huelekeza kipande kilichokwisha kuganda kipashwe joto polepole kwa saa kadhaa, kwa kiwango walichokitaja wao. Sanduku lililofungwa lenye balbu na kipimajoto linatosha, mradi joto lisikaribie lile la kulainisha plastiki iliyo chini. Kisicholindwa pia dhidi ya mionzi ya jua hugeuka manjano, kwa hiyo vanishi ya gari yenye kinga ya mionzi ni ya lazima kwa kipande cha nje. Kazi hiyo ya mwisho apelekewe fundi rangi mwenye chumba na vifaa. Vanishi za kuchanganya na kigumishi zinapopulizwa hutoa isosianeti, sumu ambayo huweza kusababisha pumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii.

Suala la afya lisichukuliwe kwa wepesi. Epoksi ambayo haijaganda, ikigusa ngozi mara kwa mara, inaweza kuufundisha mwili kuikataa. Mtu anaweza kufanya kazi hii miezi bila dalili yoyote, kisha siku moja mikono ikavimba na kuwasha, na tangu hapo hata kiasi kidogo sana kikamrudishia hali hiyo. Mzio huo kwa kawaida hauondoki. Glavu za nitraili zivaliwe tangu chupa inapofunguliwa na zibadilishwe zikichafuka. Ikigusa ngozi, ioshwe kwa sabuni na maji. Kunawa kwa thina huondoa mafuta ya ngozi na kuisaidia gundi kupenya.

Vumbi la msasa nalo huwasha macho, koo na ngozi. Barakoa ya kuzuia vumbi laini inahitajika, na ni bora zaidi kupiga msasa kwa maji ili vumbi lisiruke. Kaboni hupitisha umeme, hivyo vumbi lake likiingia kwenye kompyuta au mashine ya umeme huweza kuleta shoti. Kwa sababu hizo zote, jikoni na chumba wanacholala watoto si mahali pa kazi hii, hata kama kipande ni kidogo.

Lipo jambo ambalo halina mjadala. Sehemu yoyote yenye maandishi SRS AIRBAG isiguswe. Kifuniko kilicho katikati ya usukani, na kile cha mbele ya abiria kwenye dashibodi, vimetengenezwa na mstari dhaifu uliofichwa ndani ili vipasuke kwa sehemu ndogo ya sekunde na kuuachia mfuko wa hewa. Ukivifunika kwa kaboni iliyoganda, mfuko unaweza kuchelewa au kufunguka vibaya, na kipande chenyewe kikageuka vigae vyenye ncha vinavyoelekea usoni mwa mtu.

Kwa kuwa kaboni hupitisha umeme, vilevile huzuia mawimbi ya redio. Kifuniko cha antena kilicho juu ya paa kikivalishwa, redio na ramani za setilaiti hudhoofika. Magari ya karibuni yana rada nyuma ya nembo ya mbele au ndani ya bampa, kwa ajili ya kufunga breki yenyewe pale kizuizi kinapotokea. Rada hiyo haioni kupitia kaboni. Vitasa vya milango vinavyofunguka kwa kuguswa tu navyo viachwe.

Kinachobaki baada ya kuondoa hivyo vyote si haba: vifuniko vya vioo, fremu ya gia, urembo wa milango upande wa ndani, fremu za redio na vipuli vidogo vya injini visivyo karibu na joto kali. Ikumbukwe tu kwamba vazi hilo huweza kuongeza karibu milimita moja ya unene. Kipande kilichokuwa kikiingia kwa kubana kinaweza kukataa kurudi mahali pake, kwa hiyo kingo zinazopachikana zipigwe msasa mapema na kitambaa kikomeshwe kabla ya vibanio.

Kwa wanaonunua vipande vilivyokwisha kuvalishwa, iwe dukani au kwa fundi, ukweli upo upande wa nyuma. Stika ina ukingo unaoweza kunyanyuliwa kwa ukucha, na mistari yake haibadiliki mng'aro unapogeuza kipande kwenye mwanga. Kilichovalishwa kina kaboni mbele, na nyuma yake kuna plastiki ya kiwandani yenye vibanio na herufi zake. Kilichotengenezwa kwa kaboni tupu huonyesha kitambaa pande zote mbili, hakina herufi za plastiki, na kikiwekwa mkononi kando ya kile cha asili cha gari, uzito wake hueleza wenyewe. Muuzaji anayedai bei ya hicho cha tatu na kukataa kipande kisigeuzwe ameshatoa jibu.